Katiba si namba na insha si methali: mambo tunawakosesha watoto wa JSS

Ingia darasa la Gredi 8, hapo JSS, yaani sekondari ya chini, uulize katiba ya Kenya ina vifungu vingapi, mikono yote juu, 264. Sura je? 18. Kaunti? 47. Ilizinduliwa lini? 27 Agosti 2010. Haya, sasa uliza dispensari ya mtaani haina dawa, tumuulize nani, hapo ndio darasa linanyamaza mpaka unasikia mbuzi nje, kisha mmoja anajaribu, "Rais?"

Kwa hivyo dhana ya kwanza ndio hiyo, ati kujua katiba ni kujua namba. Mimi hufunza sosho, yaani somo la jamii, na Kiswahili, zote mbili, na nimekuja kuona kitu cha maana kuliko hizo namba ni Jedwali la Nne la katiba, lile linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Dispensari na hospitali za kaunti, kilimo, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, hizo ni za gavana. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu na mwalimu anaajiriwa na TSC, ile tume ya walimu. Sasa nenda baraza yoyote usikilize, mzazi anamfokea gavana juu ya walimu wa JSS, mwingine anamfokea mbunge juu ya dawa, na wote wawili wanapigiwa makofi.

Watoto pia wanaamini gavana ni kama msaidizi wa rais huku mashinani, anatumwa. Hapana, kifungu cha 6 kinasema hizo serikali mbili ni tofauti ingawa zinategemeana, na gavana amepigiwa kura zake mwenyewe, rais hawezi kuamka tu siku moja amfute. Na mbunge naye? Darasani kwangu jibu ni "anajenga madarasa," manake jina lake limeandikwa ukutani na rangi kubwa. Kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha watu na kuchunga serikali inavyotumia pesa. Pesa za hayo madarasa ni za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ni ushuru, hata wa yule mama wa sukuma wiki nje ya geti, si za mfuko wake.

Rais akikataa kutia sahihi mswada, mswada umekufa? Hii hata walimu wenzangu husema ndio. Anaurudisha bungeni na sababu zake, na bunge likiupitisha tena vilevile kwa thuluthi mbili basi ana siku 7 za kutia sahihi, asipotia unakuwa sheria bila yeye. Na hata ushindi wa rais mahakama inaweza kuufuta, mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba na ukarudiwa 26 Oktoba. Watoto wangu wanasikia hii kama hadithi ya sungura na fisi, walikuwa wadogo sana.

Ile inaniuma zaidi ni mtoto kusema "mimi sina haki bado, sijachukua kitambulisho." Kitambulisho utakitaka ukifika 18 ndio upige kura, lakini kifungu cha 53 ni cha mtoto kabisa, jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao, matibabu, na kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au la.

Sasa tuje kwa insha. Huku uongo mkubwa ni kwamba insha tamu ni ile imejaa misemo. Nasahihisha karatasi arubaini na zote arubaini mtoto amerauka majogoo ya kwanza, amestaftahi, ametia guu mosi guu pili, hamadi! akaona majambazi, mwili ukamtetemeka mithili ya unyasi nyikani. Huyo ni nani? Simjui, na hata mwenyewe hajijui. Ukimwambia aandike kitu kilimtokea anakwambia "mwalimu, mimi sijawahi kutokewa na kitu," kwa sababu amefunzwa tukio ni lazima liwe na ambulensi.

Masimulizi ya nafsi yanataka kitu kimoja kidogo cha kweli. Maneno ya mazungumzo unaweza kuyapanga vile unavyoyakumbuka, hakuna mtu hutembea na rekoda, ila jambo lenyewe liwe lilitokea.

Kuna kijana mmoja aliandika ukurasa mmoja tu, siku yeye na mamake walienda ofisi fulani kutafuta cheti chake cha kuzaliwa. Hakuna methali hata moja. Wamekaa kwa benchi, mama amevua kiatu kimoja kwa sababu kinambana, wanarudishwa mara ya tatu, wanaambiwa jina la baba halilingani, mama anauliza "si mniandikie basi kinachokosekana?" na karani anaita mwenye namba inayofuata. Nilimwomba ruhusa nikaisoma kwa kipindi cha sosho. Tulikuwa tumekwama kifungu cha 47 wiki nzima, kile cha haki ya kuhudumiwa haraka na kwa njia ya haki, na kama uamuzi utakuumiza upewe sababu kwa maandishi, na msichana wa nyuma akasema kabla hata sijamaliza, "kumbe huyo mama alikuwa anaomba haki yake na hakujua."

Mwalimu mmoja akaiona hiyo insha staffroom akasema ni nzuri lakini haina funzo, aongeze mwishoni "tangu siku hiyo nilijua kuwa mvumilivu hula mbivu." Nikakataa. Insha ya kijana inaisha na mama anavaa kile kiatu, anakunja zile fomu anazifunga kwa leso, anamuuliza kama ana njaa.