“Nikifika Uhispania, lugha itaingia yenyewe”: dhana potofu za wanaokwenda kusoma Kihispania ng'ambo

Kuna swali moja ambalo nikiulizwa tena mwezi huu nitafunga darasa nikauze mitumba: “Mwalimu, si nikifika huko lugha itaingia tu yenyewe?” Huulizwa na waelekezi wa watalii wanaozunguka Ziwa Nakuru na Maasai Mara, huulizwa na vijana waliomaliza chuo pale Njoro, na huulizwa zaidi na wazazi wanaotaka kujua kwa nini mtoto alipie masomo hapa Nakuru ilhali anapanda ndege Septemba. Wote hawa wameshapita A1 na A2, ngazi mbili za mwanzo katika vipimo vya lugha vya Ulaya. Wanataka kwenda miji ya Uhispania kama Salamanca, Granada au Valencia kusoma B1 au B2, ngazi za kati, chuoni kwa muhula mmoja au miwili. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni mizigo ya imani wanayosafiri nayo.

Lugha itaingia yenyewe

Kwa anayeanza kabisa, dhana hii ina chembe ya ukweli. Mtu wa A1 akitua Granada ataokota salamu, namba, majina ya vyakula na jinsi ya kuomba bili ndani ya wiki chache, kwa sababu asipoyaokota atalala njaa. Njaa ni mwalimu mzuri wa A1. Ngazi ya kati ni habari nyingine. Ukifika B1 tayari unaweza kununua tiketi ya basi, kumweleza daktari panapouma na kulalamikia kodi ya nyumba. Mahitaji yako yote ya siku yanatimizwa kwa Kihispania kibovu, na hakuna tena kinachokulazimisha kukinyoosha.

Chukua mwanafunzi anayekaa na familia. Anarudi jioni, mama mwenye nyumba anamuuliza siku ilikuwaje, naye anajibu: “Ayer comía arroz y después iba a la biblioteca.” Alitaka kusema kwamba jana alikula wali kisha akaenda maktaba. Alichosema kinasikika kama mtu aliyekuwa akila, halafu akawa akienda, na habari haifiki mwisho. Ilipaswa iwe “comí” na “fui”. Je, mama atamsahihisha? Thubutu. Ameelewa, anatabasamu, anamwambia “muy bien” na kumwongezea supu. Kesho kosa litarudiwa, na kesho kutwa, mpaka likauke kama tofali la udongo juani. Baada ya miezi sita kijana anazungumza kwa kasi ya kutisha, bila woga, na makosa yaleyale aliyoondoka nayo hapa. Kasi hiyo ndiyo inayowadanganya wazazi: wanamsikia kwenye simu wanasema mtoto amekuwa Mhispania.

Wala tusiwalaumu wenyeji. Sisi tunafanya vivyo hivyo. Mgeni akisema “kitabu yangu iko mzuri”, kuna Mkenya anayemsahihisha ngeli? Tunamwambia “unajua Kiswahili sana!” na mazungumzo yanaendelea. Ndiyo maana kuna wageni walioishi Nakuru miaka na mikaka, wenye nyumba Milimani na marafiki kila mtaa, na bado ki-vi imewashinda. Kama kukaa mahali kungetosha, wangekuwa wanaandika mashairi.

Halafu kuna hili la saa. Kozi ya kawaida ya lugha chuoni huwa na takriban saa 20 kwa wiki, nyingi zikiwa asubuhi. Wiki ina saa 168. Mwanafunzi wangu ananiambia zile zinazobaki ndizo atakazozungumza na wenyeji. Kisha nasikia amepanga nyumba na Wakenya wenzake, jioni wanasonga ugali na kubishana siasa za nyumbani kwa Kiswahili, usiku ni simu na makundi ya WhatsApp. Chuoni wenzake darasani ni Wajerumani, Wamarekani na Wachina, na kengele ikilia wote wanageukia Kiingereza. Darasa la wageni ng'ambo ni mahali pazuri mno pa kunoa Kiingereza.

Sasa niseme linaloniwasha zaidi. Wanafunzi wetu hujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na Kiingereza ndicho kinachowapoteza kwenye mambo makubwa mawili ya ngazi ya kati: nyakati zilizopita na subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la matakwa, shaka na hisia.

Nyakati kwanza. Kihispania kinatenganisha “mi madre cocinó” na “mi madre cocinaba”. Anayefikiri kwa Kiingereza hujikuta na umbo moja linaloweza kubeba yote mawili, basi anabahatisha. Anayefikiri kwa Kiswahili ana “mama alipika” na “mama alikuwa akipika” tangu utotoni. “Cuando llegué, mi madre cocinaba”: nilipofika, mama alikuwa akipika. Hazilingani mia kwa mia, lakini jiulize kwanza ungesema nini kwa Kiswahili, na nusu ya makosa yako itaondoka kabla hujafungua kitabu.

Subjuntivo nayo inatishia watu bure. Mtu anataka kusema “nataka uje”. Anapitia Kiingereza, anapata mpangilio wa “nataka wewe kuja”, anatoa “quiero tú venir”, na mwalimu wa Salamanca anafumba macho. Kiswahili kinafanya karibu kile kile Kihispania kinachofanya: kitenzi cha pili kinabeba mtu wake na kinabadilisha irabu ya mwisho. Anasoma, nataka asome. “Habla” (anazungumza), “quiero que hable” (nataka azungumze). A inakuwa e huku na kule. Ukihama kwenye vitenzi vya -er na -ir mambo yanageuka, “come” (anakula) inakuwa “coma”, lakini wazo ni lile lile: matakwa na amri vina umbo lao.

Kufikia hapo Kiswahili kinakuacha njiani, na ni vizuri ujue panapokatika. Sisi hatuna haja ya umbo hilo tukionyesha shaka au furaha. Tunasema “sidhani kama atakuja”, wao “no creo que venga”. Tunasema “nafurahi kwamba uko hapa”, wao “me alegra que estés aquí”. “Utakapofika” kwetu ni wakati ujao wa kawaida, kwao ni “cuando llegues”. Haya matatu ndiyo ya kukariri kwa jasho, na yakaririwe hapa Nakuru kabla ya safari, kwa sababu huko utaongozana na watu ishirini darasani na mwalimu hatakusubiri.

Ukishafika, fanya mambo machache na uyafanye kila siku. Kaa na familia au na wapangaji wasiojua Kiingereza. Mwombe mtu mmoja, mmoja tu, akusahihishe kosa moja ulilolichagua wiki hiyo. Ukimwomba asahihishe yote atachoka Jumanne. Jirekodi ukisimulia siku yako kwa dakika mbili, kisha sikiliza huku umeshika kalamu. Itakuuma. Na ujiunge na kundi la wenyeji lenye shughuli yake: kwaya, mpira, upishi. Ukisema unatoka Bonde la Ufa watakuuliza kama unakimbia. Sema ndiyo hata kama hukimbii, wakupeleke kwenye kundi la mbio. Hakuna anayebadili lugha kwenda Kiingereza akiwa anahema mlimani.

Nimemaliza B1 kwenye programu ya simu

Hongera. Chuo kitakupa mtihani wa kupima ngazi hata hivyo, wa kuandika na kwa kawaida wa kuzungumza pia, na wengi wa wamaliziaji wa simu huwekwa A2. Kisha wananipigia usiku kulalamika kwamba wameonewa. Hawajaonewa. Kugonga jibu sahihi kati ya manne na kuunda sentensi mbele ya mtu anayekutazama ni kazi mbili tofauti. Anayewekwa A2 na kuimaliza vizuri hufika mbali kuliko anayebembeleza apandishwe, akae nyuma muhula mzima akitikisa kichwa.

Mtihani wa Kihispania uitwao DELE, ule unaotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya lugha ya Uhispania, unaliona jambo hili vizuri. Katika B1 alama zimegawanywa mafungu mawili ya 50: kusoma na kuandika upande mmoja, kusikiliza na kuzungumza upande mwingine. Unahitaji angalau 30 katika kila fungu. Ukipata 48 kwenye karatasi na 27 mdomoni, umeanguka. Ukifaulu, cheti chake hakina tarehe ya kuisha. Cheti cha SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, hudumu miaka mitano, jambo ambalo mtu anapaswa kulijua kabla ya kulipa.

B1 inatosha kuingia shahada

Aghalabu haitoshi. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kihispania huomba B2, na hata mwenye B2 hutoka jasho mhadhara wa kwanza wa sheria au uchumi. Usiache kazi Nakuru kwa hesabu kwamba muhula mmoja wa lugha utakufungulia shahada moja kwa moja.

Kihispania safi kiko Salamanca na Valladolid, kwingine ni cha mtaani

Mkenya ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kusema hivi. Tumesikia maisha yetu yote kwamba Kiswahili safi ni cha Unguja na chetu ni cha kubomoa, na tunajua jinsi maneno hayo yanavyokera. Ni kweli Salamanca ina chuo kikongwe, kilichoanzishwa mwaka 1218, na wengi huona matamshi ya Castilla, eneo iliko miji hiyo miwili, ni rahisi kwa mgeni kufuata. Kule Granada na Andalucía, mkoa wake wa kusini, kwa jumla, s ya mwisho wa silabi mara nyingi humezwa, “los amigos” (marafiki) ikasikika karibu na “lo amigo”, na mwanafunzi mpya hudhani amesahau kila kitu. Hajasahau, anasikia lahaja. Muhula mmoja wa Andalucía hukuandaa pia kwa Karibi, ambako s hiyo hufanyiwa hivyo hivyo.

Wengine wana hofu ya upande wa pili, kwamba ukisoma Uhispania hutaeleweka Mexico au Argentina. Utaeleweka. Kwa “ninyi” utasema “vosotros” na wao “ustedes”, kwa “wewe” Muargentina atasema “vos” pale uliposoma “tú”, na maisha yataendelea. Mwelekezi anayepokea wageni kutoka pande zote mbili anahitaji masikio mapana, basi.

Nakwenda Barcelona, ni Uhispania tu

Barcelona ni mji mzuri na Kihispania utakisikia kila kona. Ila lugha ya mihadhara mingi ya shahada ya kwanza pale ni Kikatalani, na matangazo chuoni pia. Kwa kozi ya lugha tu hili si kikwazo. Kwa anayepanga kuhudhuria mihadhara ya kawaida pembeni mwa kozi, aulize lugha ya kila somo kabla ya kujiandikisha. Valencia na Galicia nako kuna lugha zao rasmi.

Kihispania hakina kazi Afrika

Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Uhispania mwaka 1968, ina Kihispania kama lugha rasmi. Na watalii wa Kihispania hawaji Mara kutafuta Kifaransa. Nimemaliza hilo.

Nikiwa na viza ya mwanafunzi nitafanya kazi nijilipie

Hapa wazazi wanisikilize. Kozi isiyozidi siku 90 huombewa viza ya muda mfupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ikizidi hapo ni viza ya mwanafunzi, nayo huombwa ubalozini Nairobi kabla ya kusafiri. Ubalozi unataka kuona fedha za kujikimu zikiwa tayari, kwa kipimo cha Uhispania kiitwacho IPREM, ambacho tangu 2023 kimekuwa euro 600 kwa mwezi. Kozi ya mwaka mzima maana yake ni euro 7,200 zinazoonekana, mbali na karo, bima na nauli. Ruhusa ya kufanya kazi hutegemea aina ya masomo, na kozi ya lugha haichukuliwi sawa na shahada. Kwa hiyo ile hesabu ya “ataosha vyombo alipe kodi” ifutwe kwenye bajeti. Kama pesa ni za miezi mitatu tu, mpeleke miezi mitatu, na aende akiwa ameshaiva A2 yake, asiende kuianza huko kwa euro.