Sauti mbili za gitaa la jazi hazikutoka kwenye magitaa mawili

Upo ujumbe unaorudi mara kwa mara kwenye makundi ya simu, ukidai kwamba albamu mashuhuri ya gitaa la jazi ya Mmarekani Wes Montgomery, iliyorekodiwa New York mwezi Januari 1960, ambayo wapigaji gitaa wanajifunza kutoka kwayo hadi leo, ilipigwa na wapigaji wawili, au kwamba gitaa la pili liliongezwa baadaye studioni. Dai hilo si kweli. Bendi ilikuwa ya watu wanne: gitaa, piano, besi na ngoma.

Kinachosikika ni oktavo, yaani noti ileile ya juu na ya chini zikipigwa pamoja, na mwenye gitaa anaweza kuhakiki mwenyewe. Weka kidole cha shahada kwenye freti (nafasi kati ya vijichuma vya shingo ya gitaa) ya tatu ya uzi wa sita, ule mnene zaidi, na kidole cha pete kwenye freti ya tano ya uzi wa nne, zima uzi wa tano kwa ubapa wa kidole cha shahada, kisha pitisha dole gumba: zitalia noti mbili za G. Ugumu, na ndipo ulipo ustadi wa Montgomery, ni kuhamisha umbo hilo kwa kasi bila uzi wa katikati kulia. Filamu za televisheni zilizopigwa Ulaya mwaka 1965 zinamwonyesha akifanya hivyo kwa dole gumba tupu.

Shaka hiyo inaeleweka, kwa kuwa mbinu ya kurekodi sauti juu ya sauti ilikwishatumika Marekani tangu miaka ya 1940. Hata hivyo, tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwani unamnyang'anya marehemu kazi ya mikono yake; aliyekutumia, mwelekeze kwenye filamu hizo.