Mbu nao wana makabila

Kila nikishuka kwenye bodaboda huku Nyando, kaunti ya Kisumu, na sanduku langu la vikombe, watoto hunitangulia wakiimba "Josuna! Josuna!" Suna kwa Kijaluo ni mbu, basi mimi ni mtu wa mbu. Ukifika Migori jina hilo huleta utani wa aina nyingine, kwani kule Josuna ni ukoo mzima wa watu. Hapa uwanda wa Kano wanajua tu kwamba ni yule jamaa anayelipwa kuokota wadudu waliokufa.

Swali ninaloulizwa kila siku ni moja. Mtu ananinyooshea kiganja chenye mbu aliyepondeka na damu kidogo, ananiuliza, "Daktari, huyu ni wa malaria?" Mimi si daktari, na mara nyingi jibu ni hapana. Yule anayekuimbia sikioni Kondele au Manyatta, mitaa ya Kisumu mjini, tangu giza linapoingia ni Kuleksi, mtoto wa mitaro ya maji machafu na vyoo vya shimo. Anaudhi kupita kiasi, lakini malaria hana. Mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayekuuma mchana kweupe ni Aedesi. Huyo shughuli zake ni dengue na chikungunya. Malaria ya binadamu hubebwa na Anofelesi peke yake, tena jike, kwa sababu dume hana haja na damu, anaishi kwa utamu wa maua.

Kumtambua Anofelesi si kazi ya maabara. Mwangalie anavyotua ukutani: anainamisha kichwa na kuinua makalio, kama msumari uliopigwa mshazari. Kuleksi hulala sambamba na ukuta. Majini pia wanatofautiana. Viluwiluwi vya Kuleksi huning'inia kichwa chini vikivuta hewa kwa kimrija cha mkiani. Vya Anofelesi havina mrija huo, vinajilaza bapa juu ya maji kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjwa. Ukivishtua kwa kivuli chako vinazama, ukitulia vinarudi.

Wengi wakishajua hayo wanadhani wamemaliza. Kwangu ndipo kazi inapoanza. Duniani kuna aina zaidi ya 400 za Anofelesi, na wanaotusumbua sana kwa malaria ni kama 40 hivi. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria wenye mzigo mkubwa ni watatu: gambiae, arabiensis na funestus. Ukiwachukulia hao watatu kama mbu mmoja, utamaliza pesa na jasho ukipigana na asiyekuwepo.

Asubuhi moja tulifika kwa nyanya mmoja karibu na Ahero, saa kumi na mbili na nusu, kabla mbu hawajatoka nje. Tulitoa sufuria, mtungi wa maji na kuku aliyekuwa ameatamia mayai chini ya kitanda (huyo ndiye aliyetusumbua zaidi), tukatandika mashuka meupe sakafuni, kitandani na juu ya viti, tukafunga dirisha, tukapuliza dawa ya pareto na kusubiri dakika kumi nje. Halafu tukakunja mashuka taratibu kutoka pembeni na kuanza kuokota kwa kibano, mmoja mmoja, tukiwaweka kwenye kisahani chenye pamba yenye unyevu. Walioshiba damu huonekana mara moja, tumbo jekundu kama tunda lililoiva.

Nyanya alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. "Mwanangu, mbu ni mbu. Kwani wana kabila?"

"Wanayo, nyanya. Na humu nadhani yako zaidi ya moja."

Alicheka hadi akashika mbavu.

Huyo gambiae ndiye aliyekuwa malkia wa Nyanza kwa muda mrefu. Anapenda binadamu kuliko kiumbe kingine, anaingia ndani, anauma kuanzia kama saa nne usiku hadi karibu na alfajiri, akishiba anajishikiza ukutani kupumzika. Hahitaji ziwa. Anataka kidimbwi kidogo chenye jua: alama ya kwato za ng'ombe, mfereji wa tairi la trekta, shimo la matofali baada ya mvua. Maji ya vuguvugu namna hiyo yanamtosha kutoka yai hadi mbu kamili kwa wiki moja na siku chache. Lakini tabia hizo hizo ndizo zilizomponza. Neti zenye dawa zilipojaribiwa Asembo na Gem, kule Siaya, miaka ya mwisho ya 1990, vifo vya watoto wachanga vilipungua. Na neti zilipoenea vijijini, mbu anayemtegemea mtu aliyelala ndani ndiye aliyepigwa vibaya zaidi. Idadi yake ilishuka sana.

Nafasi yake ikachukuliwa kwa sehemu na arabiensis. Hao wawili wanafanana mno. Hata kwa hadubini siwezi kuwatenganisha, na yeyote anayekuambia anaweza anakudanganya. Tunakata mguu mmoja, tunautoa DNA, tunaupima kwa PCR, kipimo kile kile tulichokizoea wakati wa Korona. Tofauti yao iko kwenye tabia. Arabiensis hana shida kunywa damu ya ng'ombe, huuma hata nje, wakati mwingine mapema jioni mkiwa bado mnakula omena. Mashamba ya mpunga ya Ahero ni kama hospitali yake ya uzazi, hasa wiki za kwanza baada ya kupandikiza, miche ikiwa bado mifupi na jua likifika majini. Neti haimfuati mtu nje jikoni, na arabiensis analijua hilo kwa njia yake.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa. Funestus ni jina la Kilatini lenye maana ya mauti, na aliyempa jina hilo hakukosea. Ni mdogo, mweusi mweusi, na hangoji mvua. Anazaana kwenye maji ya kudumu yenye mimea: matete ya ziwani, pembe za mabwawa, vinamasi. Ndiyo maana watu wanaugua Januari vumbi likitimka, kisha wanalaumu maembe. Neti zilimpunguza yeye pia, halafu akarudi akiwa sugu.

Usugu huo una historia inayogusa Nakuru. Pareto iliyolimwa Molo na kusindikwa Nakuru mjini ilikuwa fahari ya Kenya, na dawa ya neti zetu za kwanza ni ndugu wa kiwandani wa sumu ya ua hilo. Ukitumia familia moja ya sumu kila nyumba, kila usiku, kwa miaka, unabaki na wanaoistahimili. Baadhi ya gambiae wamebadilika pale kwenye neva sumu inapojishikiza. Funestus yeye anaivunjavunja sumu kwa vimeng'enya vyake kabla haijamfika. Neti mpya za PBO zimeongezwa kemikali ya kuzima vimeng'enya hivyo. Na Migori, kuanzia 2017, nyumba zilipopulizwa dawa ya familia tofauti kabisa, funestus alianguka. Inaumiza kidogo kujua kwamba duniani kote maabara za mbu hufuga gambiae aina ya "Kisumu" kama kielelezo cha mbu asiye na usugu wowote, kwa sababu mababu zake walichukuliwa huku kwetu zamani. Ukitaka kumwona mbu wa Kisumu anayekufa kiungwana, nenda Ulaya.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hushangaa wakilisikia: mbu mchanga hawezi kukuambukiza. Anazaliwa bila vimelea. Lazima amuume mtu mwenye malaria, kisha vimelea vikae tumboni mwake, viongezeke, vihamie kwenye tezi za mate, safari ya siku kumi hadi kumi na nne kwa joto la Kisumu. Mbu wengi hufa kabla. Kwa hiyo wanaoua ni vikongwe wachache, na ndiyo sababu neti inayomfupishia mbu maisha kwa siku chache inaleta tofauti kubwa. Ndiyo sababu pia baridi inasaidia. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na joto likishuka vimelea hujikokota. Chini ya nyuzi 16 hivi, vile hatari zaidi haviwezi kumaliza safari. Shemeji yangu anayeishi Nakuru hunipigia simu kulalamika kuhusu "mbu wa Lanet". Mimi humuuliza kwanza, matanga ya Siaya ulienda lini?

Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2020, vimelea vilipatikana kwa watoto 6 katika kila 100 nchini kote. Ukanda wa ziwa peke yake walikuwa 19.

Ningependa kusema sampuli za nyanya zilifika maabara zote salama. Usiku ule niliacha sahani mbili juu ya meza na nikasahau kuweka miguu ya meza kwenye mikebe ya maji. Asubuhi sisimizi walikuwa wameacha mabawa tu, yamepangwa kwenye pamba kama yamefagiliwa. Zilizobaki tulizipima, vichwa na vifua tukavisaga kutafuta vimelea. Arabiensis walikuwepo wachache. Gambiae hata mmoja hakuwepo. Wengine wote funestus.

Niliporudi kumweleza, nyanya alikuwa amefyeka kila kitu kuzunguka nyumba, hata ua la lantana, na neti kuukuu ameizungushia miche ya sukuma wiki.

"Kwa hiyo nimefyeka bure?"

"Si bure nyanya, nyoka hawana pa kujificha sasa. Lakini huyu mbu wako hatoki kwenye nyasi."

Tulienda hadi bwawani, hatua mia mbili hivi nyuma ya boma, mahali ng'ombe wake hunywa. Akaniambia mapema kabisa kwamba hilo halifukiwi, maana mifugo itakunywa wapi. Sikumbishia. Nilivua viatu, nikaingia hadi magotini, nikachota kwa upawa pale matete yanapogusana na maji. Mchoto wa kwanza, vijani tu. Wa pili, konokono. Wa tatu nilimletea akauangalia kwa karibu, uso wake ukiwa juu ya upawa, na kivuli chake kikavishtua viwili vilivyokuwa vimejilaza bapa. Vikazama. Nikamwomba atulie kidogo.