Oili Baridi Nayo Inaua Injini: Dhana Potofu Kuhusu Kipoza Oili kwenye Gari la Michezo la Zamani

Juzi nimeletewa MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye "gasketi ya hedi iliyokufa". Ni ya tatu mwaka huu. Mwenye gari alifungua kifuniko cha kujazia oili, akanionyesha utando mzito wa rangi ya krimu, kama mtindi uliogandia kwenye bati, dalili ya maji kwenye oili. Kuna mtu alikuwa ameshampigia hesabu ya kufungua hedi. Nikapima mgandamizo wa silinda zote nne: ziko sawa. Nikaweka presha kwenye rejeta: haikushuka. Basi nikainama mbele ya gari, na pale nyuma ya bampa nikakikuta: kipoza oili (rejeta ndogo ya kupoza oili) cha safu 16, kipya, mapezi yanang'aa, hakina themostati, ile vali inayozuia oili isipoozwe kabla haijapata moto. Nikamuuliza, kutoka nyumbani hadi kazini ni muda gani? "Dakika kumi, fundi."

Gasketi haikuwa na tatizo lolote. Oili ya gari lile ilikuwa haijapata moto tangu kipoza kifungwe.

"Oili ikipoa zaidi, injini inadumu zaidi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeiamini anatumia pesa zake kuharibu injini huku akidhani anaitunza.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, na mengi hutokea ekzosi yakiwa mvuke. Ila kiasi fulani hupenya kwenye ringi za pistoni kikaingia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Gari la kabureta likiwashwa na choki imevutwa, petroli hiyo huwa nyingi zaidi. Njia pekee ya uchafu huo kutoka bila kubadilisha oili ni oili kupata moto wa kutosha na kukaa nao kwa muda, ili maji na petroli vigeuke mvuke na kupitia kwenye bomba la kupumulia la injini. Oili ikiishia nyuzi 55 za Selsiasi kila siku, maji hayana pa kwenda. Yanachanganyika na oili na kuwa ule mtindi, yanatengeneza asidi, na kemshafti inaanza kupata kutu usiku gari likiwa limelala.

Kuna jambo la pili. Oili ya 20W-50 ikiwa baridi ni nzito mara kadhaa kuliko ikiwa na joto lake la kazi. Mwenye gari anaangalia geji ya presha, anaona imepanda, anafurahi. Presha ile inatokana na oili kukataa kupita. Vali ya kupunguzia presha imefunguka na sehemu ya oili inarudishwa sampu kabla haijafika kwenye beringi yoyote.

Joto ninalolitaka kwenye sampu ni kati ya nyuzi 80 na 110, na hata likigusa 115 kwenye mwendo mrefu sipotezi usingizi. Kuanzia 130 ndipo oili ya madini inachakaa haraka, na hapo kweli unahitaji msaada. Chini ya 80, kipoza ni adui yako.

Kwa ile MGB nilikata kipande cha boksi, nikakifunga mbele ya kipoza, nikaweka kipimajoto kwenye sampu, tukazunguka nayo. Bila boksi, dakika ishirini barabarani zilitupa nyuzi 57. Tukiwa na boksi, muda uleule, tulifika 84. Baadaye nilimfungia themostati ya oili, ile inayofunguka kwenye nyuzi 80, tukabadilisha oili na filta. Mtindi haujarudi.

Nasema hivi kwa kila mtu: usinifungishe kipoza bila themostati. Sifungi. Themostati nzuri ikiwa imefunga bado huachia oili kidogo ipite kwenye kipoza, ili siku inapofunguka injini isipokee oili baridi kwa mkupuo.

"Geji ya maji iko katikati, kwa hiyo oili iko sawa"

Maji yana themostati yake na hupata moto haraka. Oili huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Kinyume chake pia hutokea: kwenye mwendo wa mizunguko mingi kwa saa nzima, geji ya maji inakaa palepale kwenye 85 wakati oili inapanda kimyakimya hadi 125. Geji moja haikuambii habari za nyingine.

Kwa hiyo kabla hujanunua kipoza, nunua geji ya joto la oili. Endesha nayo wiki mbili kwenye safari zako za kawaida, uandike namba. Wengi wanaonijia wakitaka kipoza, wakifanya hivyo, hawarudi tena kukiulizia, na mimi nafurahi. Anayekihitaji ni yule anayepeleka gari kwenye mbio, anayepanda milima mirefu, au anayekimbia muda mrefu bila overidraivu (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini). Injini zinazopozwa kwa hewa ni habari nyingine kabisa, maana pale oili yenyewe inabeba sehemu kubwa ya joto. Porsche ilipoongeza nguvu ya 911S ya mwaka wa modeli 1969, inayopozwa kwa hewa, ilifunga kipoza cha ziada ndani ya madigadi ya mbele kulia. Ilikuwa na sababu. Wewe una namba gani?

"Gari linachemsha, nifungie kipoza oili"

Hapana. Angalia rejeta iliyoziba, themostati ya maji, pampu, taimingi. Zaidi ya hapo, kipoza kikikaa mbele ya rejeta, hewa inaifikia rejeta ikiwa imeshapashwa joto. Unaweza kulizidishia tatizo gari ambalo tayari linachemsha.

"Presha inashuka injini ikipata moto, kwa hiyo oili inaungua"

Presha lazima ishuke, oili imekuwa nyepesi. Kitabu cha MGB kinataka psi (paundi kwa inchi ya mraba) 50 hadi 80 gari likitembea na 10 hadi 25 kwenye sailensi, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Uko ndani ya hapo? Acha. Uko chini? Beringi, pampu au springi ya vali imechoka, na kipoza kitakufichia ugonjwa huo kwa miezi michache tu.

"Oili ya sintetiki inatosha"

Inavumilia joto vizuri zaidi. Haiondoi joto hilo.

"Ni mipira miwili tu, nitafunga mwenyewe"

Funga, kazi haina uchawi. Lakini jua kwamba mipira hiyo inabeba oili yote ya injini. Mmoja ukichomoka ukiwa kwenye mwendo, pampu inamwaga sampu barabarani kabla hujapata pa kuegesha. Nimeona mpira wa mafuta ya petroli umebanwa na klipu ya kawaida ya mpira wa rejeta. Asubuhi oili ikiwa baridi, presha inaweza kupita psi 80, na klipu ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumia mipira ya oili yenye fitingi zilizobanwa kwa mashine, na usiiache isugue bati popote.

Kaza kwa spana mbili: moja inashika shingo ya kipoza, nyingine inazungusha nati. Shingo hiyo ni aluminiamu nyembamba. Ukitumia spana moja, unaisikia inalegea mkononi kama nati inayokubali, kumbe umeichana. Kipoza chenyewe kikae juu ya vipira vya kuzuia mtikisiko, na midomo iangalie juu. Ikiangalia chini, hewa inanasa ndani.

Kabla ya kufunga filta mpya, ingiza kidole kwenye mfereji wa makazi yake utafute gasketi ya zamani. Hubaki pale imegandia, nyeusi juu ya weusi. Gasketi mbili zikikaa pamoja, ya juu hupasuka siku ya kwanza.

Na kipoza kilichokuwa kwenye injini iliyosaga beringi, kitupe. Najua ni ghali. Chembe za chuma hukaa kwenye vinjia vya ndani, hakuna dawa ya kuoshea inayozitoa zote, na zikianza kutoka zinaelekea kwenye krenki uliyotoka kuitengeneza.

Siku ya kuwasha, jaza kipoza oili kabla ya kukaza mpira wa mwisho. Toa plagi zote, chomoa waya wa koili, zungusha injini kwa stata hadi geji ya presha isimame. Rudisha plagi, washa, iache isubiri kwenye sailensi huku ukipitisha tochi kwenye kila kiungo. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti. Itakuwa imepungua, kwa sababu mipira na filta vimeshiba. Ongeza, kisha kesho yake uingie tena kidogo chini ya boneti, uguse kila nati kwa kidole kikavu.