Mtoto mwenye usonji na wenzake darasani

Katika baadhi ya shule za Uganda bado wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na wengine) hataki wenzake, hivyo afundishwe pembeni peke yake. Si kweli. Wengi wanawataka, kinachowashinda ni kuanzisha mchezo, kuomba kitu na kupokezana zamu, na hayo ni vigumu kuyafundisha bila mtoto wa pili. Tafiti za Marekani tangu miaka ya 1970 zimeonyesha kuwa hata watoto wa chekechea wanaweza kufundishwa kumsaidia mwenzao.

Chagua watoto 2 au 3 wapole wasiokosa shule wawe wasaidizi wa mtoto mwenye usonji. Wafundishe kwanza bila yeye, kwa maigizo: kaa mbele yake, mwite jina, mwonyeshe kitu, kisha subiri. Wahesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapa ndipo kazi huharibika: msaidizi hukosa subira, hujibu kwa niaba yake, naye huzoea kunyamaza. Badilisha wasaidizi kila wiki, la sivyo mmoja hugeuka yaya.

Kusoma kuchukue dakika 10, kitabu kimoja cha picha, kwa lugha ya darasa, iwe Kiganda au Kinyankole. Mmoja asome ukurasa, mwingine aonyeshe picha inayolingana, kisha wabadilishane. Usidanganyike na ufasaha, maana baadhi ya watoto hawa husoma maneno magumu bila kuyaelewa. Uliza “nani?” na “yuko wapi?” Asiyezungumza akionyesha kwa kidole, amejibu. Darasa likiwa limejaa na kelele nyingi, wakae nje chini ya mwembe, mahali palepale kila siku.