Mnara wa Belém haukuwapo Vasco da Gama alipoondoka

Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Tanga, mtu wa heshima na msomaji mkubwa wa historia, alisimama mbele ya Mnara wa Belém, kwenye ukingo wa mto magharibi mwa Lisbon, akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, kumbe kuta hizi ndizo za mwisho alizoziona yule Mreno kabla hajaja kwetu." Nilinyamaza kwa adabu, kwa kuwa hakuna anayemkatiza mzee aliyekwisha kuvua kofia, lakini moyoni nilikuwa ninahesabu. Ilikuwa mara ya nne kuisikia kauli hiyo mwezi huu. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni hapa Lisbon, wengi wao Waswahili wanaoishi Uingereza, Uholanzi na Ujerumani ambao wamepata siku mbili tatu za mapumziko, na nimechoka kuirudia hoja hii nikiwa nimesimama juani. Nimeamua kuiandika ili wajao waisome wakiwa bado kwenye ndege.

Vasco da Gama alitweka matanga tarehe 8 Julai 1497. Mnara wa Belém ulianza kujengwa mwaka 1514, kwa amri ya Mfalme Manuel I, chini ya fundi Francisco de Arruda, na ukakamilika miaka mitano au sita baadaye. Siku ile ya Julai palikuwa na ufuko ulioitwa Restelo, palikuwa na kikanisa kidogo cha mabaharia, na palikuwa na watu waliokuja kuwalilia ndugu zao. Monasteri ya Jerónimos nayo haikuwapo, kwani jiwe lake la kwanza liliwekwa mwaka 1501 au 1502, kutegemea unamwamini nani, na kazi ikaendelea kwa takriban karne nzima. Lile jiwe kubwa jeupe lenye umbo la jahazi, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ni la wakati huohuo, ni la mwaka 1960. Kabla yake lilisimamishwa la muda kwa ajili ya maonyesho makubwa ya serikali ya dikteta Salazar mwaka 1940, kisha likabomolewa, kisha likajengwa upya kwa zege na mawe. Ni changa kuliko baba yangu.

Hapa lazima nimtendee haki mzee wangu wa Tanga, kwa maana suala lenyewe lina ncha ambayo vitabu vya watalii havijali kuigusa. Vasco da Gama hakwenda India mara moja, alikwenda mara tatu: 1497, 1502 na 1524. Alipoondoka mara mbili za mwanzo mnara haukuwapo. Alipoondoka mara ya tatu, akiwa mzee na amepewa cheo cha mtawala wa niaba ya mfalme huko India, mnara ulikuwa umesimama kwa miaka kadhaa, kwa hiyo bila shaka aliupita. Safari hiyo ndiyo ambayo hakurudi, kwani alifia Cochin tarehe 24 Desemba 1524. Basi mzee alikosea kwa safari mbili na kupatia kwa moja, isipokuwa kwamba ile aliyoipatia siyo aliyoikusudia. Jambo hilo nilimweleza baadaye tukinywa kahawa, naye akacheka hadi akajifuta machozi.

Mabaki ya Vasco da Gama yaliletwa Ureno mwaka 1539, yakazikwa Vidigueira, mbali na mji mkuu, na hayakuingizwa katika kanisa la Jerónimos hadi mwaka 1880. Jeneza la jiwe ambalo wageni huliona hapo, lenye jahazi lililochongwa ubavuni, ni kazi ya mafundi wa karne ya 19. Sisemi haya ili kuharibu ziara ya mtu. Ninasema kwa sababu mgeni akidhani kila kilichochongwa kwa ufundi ni cha mwaka 1498, atatoka Lisbon akiwa amepiga picha mia tatu na hajaona kitu.

Kuna uongo mwingine kuhusu mnara huohuo, na huu unaniudhi zaidi kwa sababu mimi mwenyewe niliusambaza kwa miaka miwili ya kwanza ya kazi yangu. Husemwa kwamba mnara ulijengwa katikati ya mto Tejo, na kwamba tetemeko la mwaka 1755 liliuhamisha mto hadi mnara ukajikuta ukingoni. Ni hadithi tamu, inasimulika vizuri, na wageni huipenda. Lakini mto haukuhama. Mnara ulijengwa juu ya mwamba mdogo karibu na ukingo wa kaskazini, yaani ukingo huuhuu, maji yakiuzunguka, na ni ukingo uliousogelea mnara kidogokidogo kadiri watu walivyojaza udongo, wakajenga gati, barabara na reli. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam hahitaji tetemeko ili aelewe jinsi nchi kavu inavyoweza kuisogelea bahari. Nilipoliacha simulizi hilo, mgeni mmoja aliniambia kwamba mwongozaji wake wa awali alikuwa na historia nzuri kuliko yangu. Sikuwa na la kumjibu.

Tetemeko lenyewe lilikuwa la kweli, na pasipo hilo huwezi kuuelewa mji huu hata ukipewa mwezi mzima. Lilipiga asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa ikiwaka. Likafuatwa na tsunami iliyopanda mto, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa, na moto huo ndio uliomaliza mengi ambayo tetemeko lilikuwa limeyaacha. Kasri la mfalme lililokuwa ukingoni lilitoweka pamoja na maktaba yake. Uwanja uliobaki leo unaitwa rasmi Praça do Comércio, ingawa wenyeji wengi bado huuita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri, zaidi ya miaka 250 baada ya kasri kutoweka. Mfalme José I alinusurika kwa kuwa siku hiyo alikuwa Belém, na tangu hapo akaogopa nyumba za mawe kiasi cha kuishi katika kasri la mbao kwenye kilima cha Ajuda hadi alipofariki. Mitaa iliyonyooka ya Baixa, sehemu ya chini katikati ya mji, ambayo wageni huiita mji wa kale, ni mji mpya uliochorwa na wahandisi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, baada ya maafa, kila nyumba ikiwa na kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili itikisike bila kuanguka.

Kwa hiyo hapa kila jengo huulizwa swali moja: umri wako halisi ni upi? Ngome ya São Jorge iko juu ya kilima ambacho Waislamu walikishikilia hadi mwaka 1147, na misingi ni ya kale kwelikweli, lakini sehemu kubwa ya minara na kuta zenye meno tunazozipiga picha zilitengenezwa upya kati ya mwaka 1938 na 1940, na serikali iliyotaka ngome ionekane kama ngome. Kanisa kuu, yaani Sé, lilirudishiwa sura yake ya zama za kati mwanzoni mwa karne ya 20. Casa dos Bicos, ile nyumba yenye mawe yaliyochongoka kama ngozi ya shokishoki, ilipoteza ghorofa zake za juu mwaka 1755 na ikazipata tena katika miaka ya 1980. Hata magofu ya kanisa la Carmo, ambayo kila mtu huyaita ushahidi wa tetemeko, yana mtego. Paa liliporomoka siku ile, ndiyo, lakini mafundi walianza kulijenga upya kanisa mwaka uliofuata, na kazi ilisimama mwaka 1834 mashirika ya watawa yalipovunjwa, hivyo baadhi ya matao yale yaliyo uchi chini ya mbingu si mabaki ya kilichoanguka bali ni mwanzo wa kilichoachwa njiani. Mimi hupenda kusimama hapo na kuwauliza wageni ni tao gani lilibomoka na ni lipi halikukamilika. Nakiri kwamba kwa baadhi yake mimi mwenyewe hubabaika.

Kuhusu Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome, husemwa kwamba haikuguswa na tetemeko. Si kweli kwa tamko hilo. Vichochoro vyake vimebaki na mpango wao wa zamani, na jina lake huhusishwa na neno la Kiarabu al-hamma, chemchemi za maji moto, ambalo ni jamaa wa hamamu yetu, lakini nyumba nyingi zinazopakana na vichochoro hivyo ni changa kuliko vichochoro vyenyewe. Mgeni wa Lamu au Mji Mkongwe ataitambua hali hiyo haraka, kwa maana huko nako njia huishi kuliko kuta.

Sasa ya haraka. Siku moja haitoshi, mbili ni za lazima. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu mawe meupe ya njiani huteleza hata bila mvua. Tramu namba 28 ni usafiri wa wakazi, haikuundwa kuwa ziara, na mchana hujaa kiasi kwamba utaona mabega ya watu na wezi wa mifukoni watakuona wewe. Ukiitaka, ipande mapema asubuhi, na uanzie mwisho wa njia. Belém nenda kwa treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré. Na yule anayeniuliza ufuko uko wapi, aelewe kwamba Lisbon imekaa mlangoni mwa mto, hivyo bahari yenye mchanga wa kuogelea huanzia njia ileile ya treni, mbele zaidi.

Siku ya kwanza mimi humpeleka mgeni Santa Luzia kabla ya kumpeleka popote. Kwenye ukuta wa kanisa dogo la hapo kuna picha ya vigae inayoonyesha uwanja wa kasri kabla ya mwaka 1755, na baada ya kuitazama, mgeni akishuka hadi uwanja wenyewe anaanza kuona kilichopotea. Kisha tunapita Largo de São Domingos. Mbele ya kanisa hilo kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliolazimishwa Ukristo, waliouawa na umati mwaka 1506, na ndani ya kanisa kuta zimeachwa na makovu ya moto wa mwaka 1959. Uwanjani hukaa Waafrika, wengi kutoka Guinea-Bissau, wakizungumza na kuuza bidhaa ndogondogo, na sioni mahali pengine mjini ambapo mgeni kutoka Afrika hupumua vizuri zaidi. Hapo ndipo huwakumbusha kwamba katika karne ya 16 takriban mtu mmoja kati ya kumi katika mji huu alikuwa Mwafrika aliyetumikishwa utumwani. Mtaa wa Poço dos Negros, upande wa magharibi, huelezwa kuwa ulipata jina lake kutokana na shimo ambalo Manuel I aliamuru mwaka 1515 lichimbwe kwa ajili ya maiti za watumwa. Wapo wanaosema kwamba jina hilo linatokana na watawa waliovaa majoho meusi. Amri ya shimo ipo. Kama jina lilitoka hapo, siwezi kuapa.

Na sasa nilitakalo hasa. Msafiri wa Kiswahili anayekuja Lisbon kutafuta alama ya pwani yake huenda Belém, akapanga foleni saa nzima juani, akaondoka. Alama hiyo haiko Belém. Iko katika jumba la makumbusho la sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, ambako mara nyingi hakuna foleni kabisa. Ni monstransi, yaani chombo ambamo Wakatoliki huionyesha Ekaristi, ya dhahabu iliyotiwa enameli, yenye mitume 12 wamepiga magoti, ikiitwa Custódia de Belém kwa kuwa mfalme aliiachia monasteri ya huko. Maandishi kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba Manuel I aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba ilikamilika mwaka 1506. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitishia Kilwa kwa mizinga na mtawala wake, Amiri Ibrahim, akalipa mithkali 1500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha uzito). Julai 1505 kamanda wa Kireno Francisco de Almeida akauteka mji huo hata hivyo.

Mambo mawili yananisumbua hapo. La kwanza, mfua dhahabu aliitwa Gil Vicente, na wataalamu bado wanabishana kama ndiye yuleyule mtunzi mkuu wa tamthilia wa Ureno. Mimi huegemea upande wa ndiye, kwa sababu ambazo hazingepita mahakamani. La pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba sijui nisimame vipi mbele ya kabati lile la kioo. Wapo wageni wangu Wakatoliki wanaoinamisha kichwa kwa kilichokusudiwa kukaa ndani yake. Wapo wanaouliza itarudishwa lini, na wapo wanaonikumbusha kwamba dhahabu haikuwa ya Kilwa tangu mwanzo bali ilitoka bara, nyuma ya bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa nayo ilikuwa ikiitoza njiani. Wote wana hoja. Mzee wa Tanga alilizunguka kabati mara mbili, akakaa kwenye benchi, akauliza kama kuna mahali palipoandikwa jina la Kilwa. Nilimwonyesha herufi za Quíloa, yaani Kilwa kwa Kireno, kwenye maelezo ukutani. Akazisoma kwa sauti, silabi moja moja.

Kutoka Belém panda treni ya kurudi mjini, shuka kituo cha Santos, kisha panda ngazi kwa mwendo wa dakika kumi hivi. Jumba hufungwa Jumatatu, na monasteri vilevile, kwa hiyo nakusihi usije Jumatatu.