Linnaeus hakumgundua simba

Juzi tena. Mafunzo ya waongoza watalii, kijana kasimama kifua mbele: "Simba aligunduliwa na Linnaeus mwaka 1758." Nikanyamaza kidogo, maana jibu lililonijia mdomoni halikuwa la adabu. Wahadzabe na Wamasai wameishi na simba vizazi na vizazi. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe Mswidi, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Aliandika jina la kisayansi kitabuni, basi, na wanazoolojia wakakubaliana hesabu ya majina ianzie hapo. La kabla ya 1758 halihesabiki.

Jina la kisayansi lina sehemu mbili: jenasi (kundi la spishi za karibu) herufi kubwa, spishi (aina yenyewe) ndogo, yote kwa mlazo. Haya mnayajua, twende.

Kinachonikera hasa ni mabano. *Panthera leo* (Linnaeus, 1758): jina, kisha aliyelitoa na mwaka. Kuna mchapaji aliniletea bango kayafuta, eti "yanachafua". Jamani! Mabano yana kazi: yanakwambia kuwa huyo aliyemo ndani alimweka mnyama kwenye jenasi nyingine. Linnaeus aliandika *Felis leo*, akamchanganya simba na paka wa jikoni. Jenasi *Panthera*, ya mwanazoolojia Oken, ilikuja 1816. Ukifuta mabano unamsingizia mtu neno ambalo hakuliandika.

Mfano ninaoupenda ni mbwa mwitu. Mwanazoolojia Temminck, 1820, alimdhania fisi, akamwita *Hyaena picta*, fisi aliyepakwa rangi. Baadaye mnyama akahamishiwa *Lycaon*. Kwa Kilatini *Hyaena* ni ya kike na *Lycaon* ni ya kiume, hivyo *picta* ikawa *pictus*. Sisi tusishangae: kisu kirefu, mti mrefu, ngeli ikibadilika, kivumishi kinafuata. Na Temminck, pamoja na fisi wake, yumo mabanoni hadi leo.

Sasa aibu yangu. Miaka mingi nilifundisha kwamba simba wa Serengeti ni nususpishi (tawi ndani ya spishi) *massaica*. Mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya paka wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakabakiza nususpishi mbili tu, na wetu wakaangukia *melanochaita*, "mwenye manyoya meusi shingoni": jina alilopewa simba wa Rasi, kule Afrika Kusini, aliyekwisha kutoweka. Kwa nini lake? Lilitangulia, 1842, *massaica* ni la 1900. Kanuni haiulizi nani yu hai. Mpaka wenyewe kati ya nususpishi hizo umechorwa kwa penseli: huko Ethiopia damu za pande zote mbili zinakutana.

Bango jipya nimeandika *Panthera leo*, mabano yake yapo, nikaishia hapo.